Gilbert Walker, mwanahesabu aliyetumia mvua ya Zanzibar kutabiri ukame wa India

Lusenda, wilaya ya Fizi. Kila mwaka kiangazi kinapokaribia mwisho, swali ni moja kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Uvira na Baraka: mvua ya mwaka huu itakuwaje? Mwenye shamba anataka kujua kama aweke mbegu zote chini mvua ya kwanza ikinyesha, au abakize sehemu ndani. Mkimbizi Mrundi aliyekodi kipande cha ardhi karibu na kambi anajiuliza swali hilo hilo, naye hana akiba ya mbegu za mara ya pili. Mvuvi wa ndagala aliyejenga karibu na maji anaangalia ukuta wa nyumba yake na alama ambayo ziwa liliacha mara ya mwisho.

Swali hilo si la Fizi peke yake, na si la leo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtu mmoja alipewa kazi ya kulijibu kwa ajili ya nchi nzima ya India, na aliitafuta dawa yake mbali sana: katika theluji ya milima ya Himalaya, katika hewa ya Amerika ya Kusini, na katika mvua iliyopimwa kisiwani Zanzibar. Jina lake ni Gilbert Walker. Alikufa mwaka wa 1958, lakini kila tunaposikia redioni neno El Niño, ni kazi yake inayoendelea.

Mtoto wa mhandisi

Gilbert Thomas Walker alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka wa 1868 huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi. Familia ilihamia Croydon, karibu na London, na huko ndiko kijana alikokulia. Shuleni alionekana mapema kuwa na kichwa cha hesabu na mikono ya fundi, akipenda vitu vinavyozunguka na vinavyoruka.

Alipata nafasi Trinity College katika chuo kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1889 akawa wa kwanza katika mtihani mkuu wa hesabu. Lakini masomo yalimmaliza nguvu. Mwaka wa 1890 afya yake ilianguka, akalazimika kwenda kupumzika Uswisi wakati wa baridi. Huko alijifunza kuteleza juu ya barafu, mchezo alioupenda kwa miaka mingi.

Aliporudi Cambridge alifundisha hesabu, lakini waliomwona nje ya darasa walimkumbuka kwa jambo lingine. Alikuwa anatupa bumerangi, ile fimbo iliyopinda ya wenyeji wa Australia ambayo hurudi kwa aliyeitupa. Kwake haukuwa mchezo tu. Alitaka kueleza kwa hesabu kwa nini inarudi, na aliandika juu yake kwa undani hadi wenzake wakampa jina la utani la Bumerangi Walker. Alichunguza pia ndege wanavyoelea angani bila kupiga mabawa, na muundo wa filimbi. Hali ya hewa hakuwa ameisomea kabisa.

Nchi iliyokuwa inangoja mvua

Wakati huo India ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na uhai wa mamilioni ya wakulima ulitegemea mvua za monsuni, zinazonyesha kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9. Zikikosa, hakuna mavuno. Mwaka wa 1877 zilikosa, na njaa iliyofuata iliua mamilioni ya watu. Mwaka wa 1899 zikakosa tena, na njaa ikarudi. Ni haki kusema kwamba ukame haukuua peke yake. Wakati watu wanakufa, nafaka iliendelea kusafirishwa nje ya India na kodi iliendelea kudaiwa. Hata hivyo serikali ya kikoloni ilitaka kujua mapema mwaka upi utakuwa mbaya.

Idara ya hali ya hewa ya India iliundwa mwaka wa 1875. Mkuu wake wa kwanza, Henry Blanford, aliona kwamba theluji ikiwa nyingi Himalaya, monsuni huwa dhaifu, na tangu mwaka wa 1886 idara ilianza kutoa utabiri wa msimu. Aliyemfuata, John Eliot, aliongeza dalili nyingi nyingine na kuandika taarifa ndefu. Lakini utabiri wa mwaka wa 1899 ulisema mvua itakuwa nzuri, na kilichokuja kilikuwa ukame mkali.

Baada ya hapo idara ilihitaji akili ya aina nyingine. Mwaka wa 1904 Gilbert Walker alichukua nafasi ya Eliot kama mkuu wa vituo vyote vya hali ya hewa vya India. Hakuwa mtaalamu wa mvua. Alikuwa mtu wa namba, na kazi aliyoiona mbele yake ilikuwa kazi ya namba.

Makarani na safu za namba

Walker alijua jambo moja ambalo wengi hawakutaka kulikubali: hakuna mtu wakati ule aliyeelewa hewa ya dunia kiasi cha kueleza kwa nini mwaka fulani unakuwa mkavu. Kungoja maelezo hayo kungechukua miaka mingi, na njaa haingojei. Kwa hiyo akageuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini, aliuliza: ni vitu gani, mahali popote duniani, ambavyo vikibadilika leo, mvua ya India hubadilika miezi michache baadaye?

Alikusanya vipimo vya miaka mingi kutoka kila pembe: uzito wa hewa, joto, mvua, theluji, hata kimo cha mafuriko ya mto Nile kule Misri. Kisha akawapa makarani wa Kihindi wa idara, waliokuwa na ujuzi mkubwa wa hesabu, kazi ya kulinganisha safu moja ya namba na nyingine. Hakukuwa na kompyuta. Kila ulinganisho ulifanywa kwa kalamu na karatasi, na ulinganisho ulikuwa kwa mamia na mamia. Majina ya wengi wa makarani hao hayajulikani kwa watu, lakini bila wao jina la Walker lisingejulikana pia.

Karibu mwaka wa 1910 alitoa kanuni yake ya kwanza ya kutabiri monsuni. Ilikuwa na dalili 4 tu. Ya kwanza ni theluji iliyobaki Himalaya. Ya pili ni uzito wa hewa kisiwani Mauritius. Ya tatu ni uzito wa hewa Amerika ya Kusini. Na ya nne, inayotuhusu sisi watu wa lugha hii, ni mvua ya Zanzibar ya mwezi wa 4 na wa 5.

Zanzibar ilikuwa kisiwa kidogo cha karafuu chini ya Sultani na ulinzi wa Waingereza, na masika yake ilikuwa habari ya wakulima wa Unguja. Walker aliigeuza kuwa habari ya Bombay na Delhi. Namba zilionyesha kwamba masika ikiwa kubwa mno Zanzibar, monsuni ya India ilielekea kuwa dhaifu. Maana yake ilikuwa kama vile bahari moja ina mvua ya kugawa, ikimwaga sana huku inapunguza kule.

Karani wa bandari ya Madras

Kuna siku moja katika maisha yake ambayo haikuhusu mvua, lakini wengi humkumbuka kwayo. Mwezi wa 2 mwaka wa 1913, akiwa ziarani Madras, alionyeshwa madaftari ya karani maskini wa ofisi ya bandari. Kijana huyo, Srinivasa Ramanujan, hakuwa na shahada yoyote. Walker, aliyekuwa wa kwanza kule Cambridge, aliona mara moja kwamba kilichoandikwa mle si cha kawaida. Aliandika barua kwa chuo kikuu cha Madras akiomba kijana asaidiwe ili afanye hesabu bila kuhangaikia chakula. Chuo kilimpa rupia 75 kwa mwezi. Mwaka uliofuata Ramanujan alisafiri kwenda Cambridge, na leo anahesabiwa kati ya wanahesabu wakubwa wa dunia.

Bembea ya bahari mbili

Katika kutafuta mvua ya India, Walker alikutana na kitu kikubwa zaidi. Aliona kwamba uzito wa hewa ukipanda juu ya bahari ya Pasifiki, unashuka juu ya bahari ya Hindi, kuanzia Afrika hadi Australia. Na ukishuka kule, unapanda huku. Ni kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao: mmoja akiwa juu, mwenzake yuko chini. Mabadiliko hayo hayachukui siku moja, huchukua miezi na pengine mwaka na zaidi, na yanavuta pamoja nayo mvua za nchi nyingi.

Katika miaka ya 1920 aliipa bembea hiyo jina: Mbembeo wa Kusini. Alitaja na mingine miwili midogo, mmoja wa Atlantiki ya Kaskazini na mwingine wa Pasifiki ya Kaskazini. Mpaka leo wataalamu wanaupima Mbembeo wa Kusini kwa kulinganisha uzito wa hewa katika kisiwa cha Tahiti na ule wa mji wa Darwin, Australia.

Mwaka wa 1924 aliondoka India, akapewa cheo cha Sir, na akawa mwalimu wa hali ya hewa Imperial College, London, hadi mwaka wa 1934. Hakupokelewa na wote kwa mikono miwili. Baadhi ya wataalamu waliona ni ajabu kudai kwamba hewa ya Amerika ya Kusini inaweza kuhusika na shamba la mpunga la India bila kueleza njia inayopita. Walker mwenyewe alikubali kwamba hana maelezo. Alichokuwa nacho ni namba.

Na namba zenyewe hazikumtii siku zote. Dalili iliyofanya kazi vizuri kwa miaka 20 iliweza kulegea katika miaka 20 iliyofuata. Utabiri wa monsuni, ambao ndio kazi aliyotumwa, haukufikia uhakika alioutaka.

Lakini alikuwa ameionya dunia mapema juu ya hatari hiyo. Mwaka wa 1914 alieleza kwamba ukilinganisha vitu vingi mno, baadhi vitaonekana kuhusiana kwa bahati tu. Chukua watu 32 pale sokoni Baraka, kila mmoja arushe kifuniko cha chupa ya soda mara 5. Pengine mmoja wao atapata upande ule ule mara zote 5. Hana dawa mkononi, ni wingi wa watu tu. Hivyo ndivyo na dalili za mvua: anayetafuta nyingi lazima ajiulize ni ipi ya kweli na ipi ya bahati. Onyo hilo bado linawafaa wanaotabiri leo kwa kompyuta kubwa.

Maelezo yalikuja baada ya kifo

Gilbert Walker alikufa tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka wa 1958, akiwa na miaka 90. Wakati huo huo, bila yeye kujua, jibu lilikuwa linakusanywa. Mwaka wa 1957 na 1958 nchi nyingi zilishirikiana kupima dunia, bahari na anga, na miaka hiyo ilikuwa ya El Niño kubwa.

El Niño ni jina ambalo wavuvi wa Peru waliipa maji ya moto yanayofika pwani yao karibu na Krismasi na kufukuza samaki. Aliyeunganisha maji hayo na bembea ya Walker ni Jacob Bjerknes, mtaalamu mwenye asili ya Norway aliyefanya kazi California. Mwaka wa 1969 alieleza kwamba kwa kawaida pepo husukuma maji ya moto ya Pasifiki kuelekea Indonesia, na huko hewa hupanda na kunyesha. Pepo zikilegea, maji ya moto hurudi mashariki, na mvua huyafuata. Bahari inabadili hewa, na hewa inabadili bahari. Mzunguko huo wa hewa Bjerknes aliuita kwa jina la Walker.

Kipande cha mwisho kilichotuhusu zaidi kilipatikana mwaka wa 1999, wataalamu wa Japani na India walipoeleza bembea nyingine ndani ya bahari ya Hindi yenyewe. Miaka fulani, maji ya upande wa Afrika yanapata joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Indonesia yanapoa. Hapo mvua za mwezi wa 10 hadi wa 12 huwa nyingi Afrika ya Mashariki. Ikigeuka kinyume, mvua hupungua.

Ziwa letu katika hesabu hiyo

Mtu wa Fizi anaweza kuisoma historia hii katika ziwa. Katika miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda sana, na mto Lukuga, unaotoka ziwani pale Kalemie ya leo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Karibu mwaka wa 1878 maji yalivunja kizuizi na kuanza kuteremka kuelekea mto Congo. Ni miaka ile ile ya El Niño kubwa na njaa ya India, Walker akiwa mtoto wa miaka 10.

Mwaka wa 1961 upande wetu wa bahari ya Hindi ulipata joto, mvua zikamwagika, na maziwa makubwa ya Afrika ya Mashariki yakapanda katika miaka iliyofuata. Mwaka wa 1997 El Niño na bembea ya bahari ya Hindi zilikuja pamoja, na mafuriko yakaenea kanda nzima. Mwisho wa mwaka wa 2019 bembea hiyo ilikuwa kali kuliko ilivyoonekana kwa miongo mingi. Mwezi wa 4 mwaka wa 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, watu wakafa na nyumba zikaondoka, na ziwa likapanda. Mwisho wa mwaka wa 2023 zikaja tena zote mbili, na mwaka wa 2024 maji yaliingia nyumbani Uvira, Kalemie na Bujumbura.

Ziwa lenye karibu kilomita za mraba 33,000 na mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, halishuki haraka. Misimu miwili au mitatu ya mvua nyingi ikifuatana, maji hurundikana. Ndiyo maana habari ya joto la bahari, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lusenda, ni habari ya mwenye nyumba ya ufukweni.

Ramani inayokatika katikati ya maji

Leo utabiri wa msimu unatolewa mara kwa mara. Kituo cha ICPAC chenye makao Nairobi hutoa ramani za mvua kwa nchi 11, zikiwemo Burundi na Tanzania. RDC haimo katika orodha hiyo. Yenyewe huhesabiwa na nchi za Afrika ya Kati, na idara yake ya taifa, Mettelsat, ina nchi kubwa mno ya kuangalia, kuanzia Atlantiki hadi kwetu. Kwa hiyo Rumonge na Kigoma zina rangi kwenye ramani ya Nairobi, na ng'ambo ya maji, Baraka na Lusenda, ni nje ya mpaka. Mvua haijui mpaka huo. Anayesikia redio ya Burundi au ya Tanzania ikitangaza msimu wa mvua nyingi upande wa ziwa, ana sababu ya kusikiliza vizuri.

Ila asikilize kama Walker alivyofundisha. Utabiri wa msimu hausemi mvua itanyesha siku gani. Unasema tu ni upande upi una nafasi kubwa zaidi: mvua kupita kawaida, ya kawaida, au chini ya kawaida. Mwaka wa 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana, wengi wakangoja mafuriko kama ya 1997, na sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki hazikuyapata. Kwa hiyo mwenye busara hauzi mbuzi wote kwa sababu ya tangazo moja. Hugawa: mbegu kidogo mapema na nyingine baadaye, mahindi huku na mihogo kule, na mwaka wa dalili mbaya hajengi tena kwenye mstari ambao ziwa lilishafika.

Kuna na somo la pili, la bei ndogo. Kanuni ya kwanza ya Walker isingekuwa na dalili ya nne kama mtu fulani Zanzibar hangekuwa amepima mvua kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kuandika daftarini. Kipimo cha mvua ni chombo kilichonyooka na rula. Shule au kanisa linaweza kukiweka uani. Ukanda wa Fizi una vita na uhamaji ambavyo mara nyingi hukata kumbukumbu za aina hiyo, na bila kumbukumbu hata mtaalamu bora wa Nairobi au Kinshasa atatukisia tu kutoka mbali.

Walker hakuona jibu la swali lake. Aliacha namba zilizopangwa vizuri, na waliokuja nyuma wakalijibu. Kwa Lusenda, daftari kama hilo linaweza kuanza na mvua ya kwanza ya mwezi wa 9.